Kuchoka, Kukinai, Kuboeka: Historia Fupi ya Maneno ya Uchovu wa Moyo na Nafasi Yake katika Uhakiki

Utangulizi

Neno "kuboeka" limepata umaarufu mkubwa miongoni mwa wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya. Mwanafunzi huboeka darasani, huboeka likizoni, na wakati mwingine hata mhusika wa riwaya huboeka katika jibu lake la fasihi. Mwalimu hulikata neno hilo kwa wino mwekundu, akaandika "choka" juu yake, kisha akaendelea kusahihisha. Kwa kufanya hivyo mwalimu ametetea usanifu wa lugha, na hatuna ugomvi naye. Swali la makala haya ni jingine. Je, "choka" ndilo neno alilolihitaji mwanafunzi yule? Na kama silo, ni lipi?

Katika makala haya tutafuatilia historia ya maneno yanayotaja hali ya moyo kuchoka na mambo, hali ambayo kwa wepesi tutaiita "uchovu wa moyo". Tutaanza na lugha za Ulaya, ambako neno la vijana wetu limetoka, kisha tutarejea katika Kiswahili chenyewe. Hoja yetu kuu ni kwamba Kiswahili hakikosi neno la hali hii. Kinayo maneno kadhaa, na kila moja hutaja chanzo chake. Mhakiki anayetumia moja mahali pa jingine hukosea zaidi ya msamiati: huweza kumtia mhusika hatia ambayo si yake.

Uchanga wa neno la Kiingereza

Wapo wanaoshikilia kwamba Mwafrika hakuijua hali hii kabla ya kuja kwa mzungu, na wanatoa ushahidi kuwa Kiswahili hakina neno moja linalolingana na "boredom". Hoja hii haina mashiko. Ikiwa kukosa neno ni kukosa hali, basi Waingereza wenyewe hawakuijua hali hii kwa karne nyingi. Kitenzi "bore", kwa maana ya kumchosha mtu, kilianza kuonekana katika maandishi yao katika miaka ya 1760, na asili yake haijulikani kwa yakini. Nomino "boredom" ilienea katika karne ya 19. Charles Dickens, katika riwaya yake Bleak House iliyotolewa kwa sehemu kati ya 1852 na 1853, alimchora Lady Dedlock, mwanamke tajiri ambaye kila kitu kinamchosha. Wasomaji wa wakati huo walimtambua mara moja, kwa kuwa tabaka lake lilikuwa na mali nyingi na shughuli chache.

Lugha nyingine za Ulaya zina historia zake. Neno la Kifaransa "ennui" lina asili katika maneno ya Kilatini yenye maana ya kuwa katika chuki: jambo linanichukiza, silitaki. Wajerumani husema "Langeweile", yaani muda mrefu. Hapa tayari tunaona jambo la kufaa. Mfaransa aliiweka hali hii katika chuki, Mjerumani akaiweka katika wakati. Kila lugha ilichagua upande mmoja wa kuishikia.

Patricia Meyer Spacks, mhakiki wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha 1995 jinsi Waingereza walivyobadilisha mtazamo. Awali mtu aliyechoka moyo alihesabiwa kuwa na kasoro yake mwenyewe. Baadaye lawama ilihamia nje: ni ulimwengu, au wenzake, au kazi yake, inayomchosha. Suala hili la nani alaumiwe litatufaa tutakaporejea nyumbani.

Pepo wa saa za mchana

Kabla ya neno hilo changa palikuwa na neno kongwe, nalo lilitumika barani Afrika. Katika jangwa la Misri, katika karne ya nne, waliishi watawa wa Kikristo waliojitenga na miji ili wasali. Mmoja wao, Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya jaribu waliloliita kwa Kiyunani "akedia". Alilieleza kama pepo anayemjia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuzigeuza saa hizi, maana watu wa zama hizo walihesabu saa za mchana tangu macheo, kama tunavyofanya sisi. Pepo huyo hulifanya jua lionekane limesimama. Humfanya mtawa achungulie nje mara kwa mara kuona kama saa tisa, saa ya chakula, imekaribia. Humfanya aichukie kazi yake, akichukie chumba chake, na aanze kufikiri kwamba huko kwingine mambo ni mazuri zaidi. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha kipindi cha saa nane mchana anamjua pepo huyu bila kutambulishwa.

Maana ya asili ya "akedia" ni kukosa kujali. Limejengwa kwa kiambishi cha kukanusha na neno "kedos", ambalo kwa Kiyunani lilikuwa na maana ya kujali, na pia huzuni na maombolezo. Tulinganishe na neno letu "hamu". Hamu imetokana na Kiarabu "hamm", ambalo maana yake ni mahangaiko au huzuni ya jambo lililoushika moyo. Katika Kiswahili neno hilo likawa shauku, tamaa ya kufanya au kupata jambo. Tunaposema kwamba mtu "amekosa hamu", tumesema karibu yaleyale aliyoyasema Evagrius: moyo hauna kinachoushughulisha tena. Lugha mbili zisizo na udugu zimefika mahali pamoja.

Yaliyoipata "akedia" baadaye ni ya kusikitisha. Papa Gregorio Mkuu, aliyeongoza kanisa kuanzia 590 hadi 604, alipopanga dhambi kuu saba aliichanganya akedia na huzuni. Baada ya karne kadhaa neno lilirejea katika orodha hiyo, na hatimaye katika mafundisho ya kawaida likaeleweka kuwa uvivu. Ndivyo tunavyolipata hata katika katekisimu za Kiswahili, ambamo uvivu husimama pamoja na kiburi, wivu, hasira na ulafi. Kilichokuwa maradhi ya moyo wa mtu aliye peke yake kikawa kosa la mtu asiyetaka kufanya kazi.

Makundi manne katika Kiswahili

Sasa tutazame Kiswahili. Maneno yanayohusu uchovu wa moyo yanaweza kupangwa katika makundi manne kulingana na mahali yanapoiweka hali hiyo.

Kundi la kwanza ni la mwili. Hapa kuna kuchoka, kuchosha, kuchoshwa na uchovu, pamoja na kunyong'onyea. Kitenzi "choka" kwa asili hutaja nguvu zilizoisha kwa kazi. Mpagazi amechoka, mkulima amechoka. Tukisema "hotuba ilinichosha" tumeazima mwili ili kuueleza moyo. Sitiari hii imezoeleka hivi kwamba hatuioni tena, na ndiyo sababu "choka" limekuwa neno la kwanza kumjia mwalimu kalamu ikiwa mkononi.

Kundi la pili ni la ulimi na tumbo, na yamkini ndilo lenye utajiri mkubwa zaidi. Kukinai ni kutosheka na kitu hadi usikitake tena. Kitenzi hiki kimetokana na Kiarabu, ambako "qanaa" ni sifa njema: ni kuridhika na ulicho nacho. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo, kwani tunaweza kusema kwamba mtu amekinai kwa riziki yake. Hata hivyo, neno lilisogea. Kutosheka kukageuka kushiba, na kushiba kukageuka kuchukia kilichoshibisha. Wali wa nazi ni mtamu, lakini ukiliwa mchana na usiku kwa wiki mbili hukinaisha. Pamoja na kukinai tuna kuchusha, yaani kumfanya mtu akichukie kitu. Tuna chapwa, kilichokosa ladha. Tuna dufu, kisicho na ladha wala thamani. Hadithi huweza kuwa chapwa, mazungumzo yakawa dufu. Methali ya mgeni nayo inaingia hapa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenyeji hawakumchukia mgeni. Wamekaribia kumkinai, na jembe ni dawa ya kuwaponya wote.

Ni vyema kutaja hapa kwamba "kinaya", istilahi tunayoitumia kila siku katika uhakiki, haina udugu na "kukinai" ingawa zinasikika kama ndugu. Kinaya cha mhakiki kimetokana na neno jingine la Kiarabu, lenye maana ya kusema jambo kwa kulizungukia. Mwanafunzi asiziunganishe.

Kundi la tatu ni la watu na mahali: upweke na ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyeachwa, aliyepungukiwa na watu wake. Ukiwa ni hali yake, na pia ni hali ya nyumba au mji uliohamwa. Utendi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaionyesha Pate baada ya utajiri wake kutoweka, majumba yakiwa hayana wenyewe. Huko ukiwa umo katika kuta zenyewe. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Kitu kilichofungiwa mahali pasipo hewa huvunda, na mtu vilevile.

Kundi la nne ni la wakati. Hapa Kiswahili hakitumii neno moja bali semi: kuona siku ndefu, jua kutotua, saa kutokwenda. Mjerumani angetuelewa bila mkalimani.

Kutoka jeraha hadi hatia

Yaliyoipata "akedia" hayakutokea Ulaya tu. Chukua neno "ajizi". Katika Kiarabu asili yake ni kutoweza: mtu ambaye hana uwezo wa kufanya jambo. Katika Kiswahili likawa ulegevu na uzembe, na methali ikalifunga hapo: ajizi nyumba ya njaa. Asiyeweza akawa asiyetaka. Methali ina hekima yake katika jamii ya wakulima na mabaharia, ambako kuchelewa msimu ni kupoteza mwaka mzima. Pamoja na hayo, safari ya neno hili inapaswa kutuonya.

Katika karne ya 20 safari hiyo iliingia katika sheria. Jamii za pwani zilikuwa na desturi ya kubarizi. Watu hukaa kwenye baraza za mawe mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, wakanywa kahawa, wakacheza bao, wakapashana habari, wakafanya biashara. Mtu aliyekaa barazani hakuwa amechoka moyo, na aghalabu hakuwa mvivu. Macho ya mkoloni, yaliyopima siku kwa saa za ajira, yaliona mtu aliyekaa tu. Bara nako, waraka wa Gavana Edward Northey wa mwaka 1919 uliwataka maafisa wa serikali na machifu kuwahimiza vijana watoke katika maeneo yao wakafanye kazi kwa walowezi. Kufikia 1920 wanaume Waafrika nchini Kenya walianza kubebeshwa kipande. Mwanamume aliyeonekana mjini bila mwajiri aliweza kushikwa kwa uzururaji.

Kosa hilo halikuondoka pamoja na bendera ya Uingereza. Nchini Kenya sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Nchini Tanzania, sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983 iliandamana na misako ya watu wasio na kazi jijini Dar es Salaam, ili wapelekwe kulima. Kijana aliyekosa ajira alikuwa na mateso mawili: siku isiyo na shughuli, na jina baya la kuitwa mzururaji kwa sababu ya siku hiyohiyo. Ukiwa wake uliandikwa katika faili kama uvivu.

Kuboeka na sarufi yake

Kwa msingi huu tunaweza kulitazama neno la vijana kwa utulivu. "Kuboeka" limetokana na kitenzi cha Kiingereza kilichoingia kupitia shule, mji na vyombo vya habari. Vijana wamelitia katika mnyambuliko wa Kiswahili bila kufundishwa na yeyote: somo linaboo, mwanafunzi ameboeka, mwalimu anaboesha. Nchini Tanzania husikika pia "nimeboreka", na hapo pana utata wa kuchekesha, kwa sababu kwa Kiswahili sanifu kilichoboreka ni kilichokuwa bora zaidi. Anayesema kwamba shule yake imeboreka atahitaji kufafanua.

Kinachovutia zaidi ni kauli waliyoichagua. "Boeka" imo katika kauli ya kutendeka, kama "vunjika" na "mwagika". Kikombe kimevunjika; hatusemi nani amekivunja. Vivyo hivyo "nimeboeka" haimtaji aliyesababisha. Halisemi kama chanzo ni kazi nyingi, ladha iliyoisha, watu waliokosekana au saa zisizokwenda. Hapo ndipo wepesi wa neno hili ulipo, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo kwa mhakiki. Linafaa mazungumzo ya vijana kwa sababu halimlazimu msemaji kujieleza. Halifai jibu la fasihi kwa sababu hiyohiyo, maana swali la fasihi linamtaka mwanafunzi ajieleze.

Kwa hiyo mwalimu anayeandika "choka" juu ya "boeka" amesahihisha rejista, lakini huenda hajasahihisha fikra. Ameondoa neno lisilotaja chanzo, akaweka neno linalotaja chanzo kimoja tu kati ya vinne.

Mifano kutoka riwaya mbili

Tujaribu makundi yetu katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya ya mwaka 1980 ambayo walimu wengi wa Kenya wameifundisha. Maksuudi anamfungia bintiye Maimuna nyumbani kwa jina la heshima. Msichana anatoroka, na anaishia mjini katika ulevi na ukahaba. Mwanafunzi anayeulizwa amweleze Maimuna mara nyingi huandika kwamba ni mtukutu, au kwamba alichoka kukaa nyumbani. Jibu la kwanza linamhukumu. La pili linamfanya aonekane kama mtu aliyekosa subira.

Tukitumia "ukiwa" picha inabadilika. Maimuna ameishi bila marafiki, bila shule ya dunia, bila mlango. Hakuzidiwa na kazi, wala hakushiba raha hadi akazikinai, hakuwahi kuzionja. Upweke ni uvundo, na aliyemfungia ndiye aliyemvundisha. Anapoingia mjini hana kipimo cha kutofautisha uhuru na maangamizi, kwa kuwa hakuwahi kupewa nafasi ya kujifunza tofauti hiyo.

Sasa mtazame Maksuudi. Yeye ana mali, cheo na milango yote iliyo wazi, na bado hutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine. Neno lake ni kukinai. Katika nyumba moja mwandishi ameweka mioyo miwili iliyochoka, baba kwa kushiba na binti kwa kunyimwa, na shibe ya mmoja inategemea njaa ya mwenzake. Mwanafunzi aliyeona hilo ameona utengano wenyewe ambao jina la riwaya linautaja. Aliyeandika kwamba wote wawili "waliboeka", au kwamba wote "walichoka", hawezi kuuona, kwa sababu neno lake limewafanya kuwa sawa.

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, inatupa hali ya tatu. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu. Hajafungiwa kama Maimuna, wala hajashiba kama Maksuudi. Anatafuta maana ya maisha asiione, na mwishoni anajiua. Kwake yeye "kukosa hamu" ndiyo istilahi inayofaa, pamoja na uzito wote wa kale wa neno hilo: moyo umekosa kitu cha kuujali. Mwalimu anayefundisha riwaya hii amepewa dhamana kubwa, kwa sababu huenda darasani yumo kijana anayemfahamu Kazimoto kwa ndani. Darasa likimalizia kwa kusema kwamba Kazimoto alikuwa mzembe wa kufikiri au mvivu wa kuishi, kijana huyo atajifunza kunyamaza.

Mapendekezo kwa mwalimu

Kwanza, neno "kuboeka" likatwe katika kazi ya mtihani, kwa kuwa si sanifu. Lakini kabla ya kuandika neno badala, mwalimu amuulize mwanafunzi swali moja: ameboeka na nini? Jibu ndilo litakaloleta kuchoka, kukinai, ukiwa, au kuona siku ndefu.

Pili, wanafunzi wapewe zoezi la kuwapanga wahusika wa kitabu wanachokisoma katika makundi manne tuliyoyataja, na watetee mpangilio wao kwa matukio ya kitabuni. Kipindi cha dakika 40 kinatosha kwa wahusika watatu au wanne.

Tatu, neno "mvivu" liwekewe ulinzi. Mwanafunzi anayemwita mhusika mvivu aonyeshe kwamba mhusika huyo alikuwa na kazi, alikuwa na uwezo wa kuifanya, na alikataa. Asipoweza kuonyesha yote matatu, atafute neno jingine.

Hitimisho

Tumeona kwamba hali ya uchovu wa moyo ni ya kale, kwamba majina yake hubadilika, na kwamba mara kwa mara majina hayo huteleza kutoka jeraha hadi hatia. Ilikuwa hivyo kwa akedia ya watawa wa Misri, kwa ajizi ya methali yetu, na kwa vijana waliokamatwa mijini kwa kosa la kutokuwa na kazi. Kiswahili kinampa mhakiki njia ya kuzuia mtelezo huo, kwa kuwa kimeyatenga maneno kulingana na vyanzo. Mwanafunzi aliyezoea kutofautisha ukiwa wa Maimuna na kukinai kwa Maksuudi atapata alama zake katika karatasi ya fasihi. Zaidi ya hapo, atakapokutana na mtu aliyekaa kimya kando ya njia saa nane mchana, hataharakisha kumwita mvivu.